Msitu Usio na Watoto

1

Mche ulikuwa umekufa ukiwa umesimama. Nakundwa Mgonja alipiga magoti akaufukua kwa vidole, maana jembe lingekata mizizi, na alipoutoa ardhini akakuta yale yale aliyoyakuta kila mara tangu aanze utafiti wake wa uzamivu katika msitu wa Ikuzi. Mizizi haikuliwa na wadudu wala haikuoza. Ilikuwa imekonda tu, imekuwa kama uzi wa kushonea, na pande zote imezungukwa na nyuzi nyeupe za Utando.

Akainua macho. Juu yake ulisimama mkulo mkubwa ambao watu watatu wasingeweza kuukumbatia. Gome lake lilinukia kafuri, na majani yake yalikuwa mazito, ya kijani kibichi, yanadondosha matone ya ukungu wa asubuhi. Mvua za vuli hazikunyesha mwaka ule, wala mwaka uliotangulia. Kwenye milima mingine ya Upare mikulo ya umri ule ilikuwa imeshabaki magogo meupe. Hapa Ikuzi ilikuwa bado inapendeza kama bibi harusi, na wageni walikuja kutoka mbali kuipiga picha.

"Umepata mwingine?" aliuliza Sekiete, mtunza kituo, aliyekuwa akipanda taratibu huku amebeba mgongoni kisomeo cha kupimia mizizi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa kuharakishwa.

"Nimepata. Lakini huu umeshakufa, hauwezi kutuambia kitu. Chomeka sindano pale, kwa ule ulio hai, karibu na shina. Ya pili ichomeke kwenye mzizi wa mkulo."

Sekiete akachomeka. Kioo cha kisomeo kikawaka, na mistari miwili ikajichora. Wa buluu ulikuwa wa maji, wa njano ulikuwa wa sukari, yaani chakula ambacho mti hujipikia kwa jua. Kila mtoto wa shule nchini alifundishwa habari za mistari ile. Alifundishwa kwamba Utando ni kuvu aliyeboreshwa na wanasayansi na kupandwa kwenye mizizi miaka arobaini iliyopita, ukame ulipoanza kumaliza misitu. Alifundishwa kwamba kuvu huyo huunganisha miti yote chini ya ardhi, na kituo kilichoko kileleni humsukuma kwa mapigo madogo ya umeme, ili mti wenye ziada umgawie mwenzake mwenye upungufu. Nchi nzima ilijivunia jambo hilo.

Mshale wa njano ulitoka kwenye mche ukaenda kwenye mkulo.

Sekiete akapiga kisomeo kwa kiganja. "Kimeharibika."

"Hakijaharibika. Nimejaribu na vingine viwili."

"Mche una majani manne, Nakundwa. Una ziada gani ya kumpa jitu hili?"

"Hauna kiu. Hiyo ndiyo ziada yake." Nakundwa akakaa chini kwenye majani makavu. "Mche hunywa maji kidogo. Mkulo, kwa joto la siku hizi, una kiu kutwa kucha. Utando haujui nani mzee na nani mtoto, unajua kiu tu, na mwenye kiu humpelekea kila kitu, hata sukari. Kwa hiyo kila kinachoota hapa kinakamuliwa kulisha wakubwa, na kiangazi cha kwanza kikifika kinakuwa hakina nguvu hata ya kushusha mzizi."

Sekiete alitazama huku na huku, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayoishi haina msingi. Alifanya kazi humo miaka mingi na hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu anaweza kutembea Ikuzi kutoka mwanzo hadi mwisho bila fito hata moja kumchapa miguuni. Msitu wowote huenda kwa kupokezana. Mzee huanguka, jua huingia kwenye pengo, na wadogo waliokuwa wakisubiri kivulini hukimbilia juu. Ikuzi hakuna aliyeanguka kwa miaka arobaini, na chini hapakuwa na aliyekuwa akisubiri.

"Na hawa wakubwa wakifika mwisho wao?"

"Watafika pamoja. Watakufa ndani ya kipindi kimoja, miaka ishirini na tano kutoka sasa, labda thelathini. Baada ya hapo ni majani na mawe."

Sekiete alifuta sindano kwa kitambaa, moja moja, na alipomaliza alisema kwa sauti ya chini, "Swichi ya mteremko huu wa kusini ninayo mimi. Nikizima mapigo, nyuzi zinakufa kabla mwezi haujaisha. Nitasema radi ilipiga kituo. Wewe utapata miche yako, na hakuna atakayekuuliza."

Nakundwa alilitamani jambo lile. Miaka mitatu alikuwa akizika miche kwenye mifuko ya karatasi. Alichohitaji ni kipande kimoja tu cha msitu kisichokamuliwa, akione kinafanya nini.

"Nyuzi zikishakufa, zinaweza kuwashwa tena?"

"Haziwezi. Zikifa zimekufa."

"Na chemchemi ya kijiji cha Ndolwe inatokea mteremko gani?"

Sekiete akainamisha kichwa. "Huu."

"Basi hiyo swichi si yako wala si yangu," alisema Nakundwa, akasimama na kujipangusa magoti.

2

Profesa Kokuhirwa alipanda mlima mwenyewe, ingawa magoti yalimsumbua na daktari alikuwa amemkataza. Ndiye aliyebuni Utando, na ndiye aliyekuwa akimsimamia Nakundwa. Alikaa barazani kwenye kituo na kikombe cha chai ya tangawizi, akasoma sura ya nne ya tasnifu mpaka mwisho, kisha akairudia. Nakundwa alisimama akiegemea nguzo. Hakuweza kukaa.

"Umejaribu kubadilisha mapigo?" aliuliza Profesa.

"Nimejaribu, Profesa. Nikiyapunguza, nyuzi zinaanza kufa na wakubwa wanapata kiu zaidi, kwa hiyo zile zinazobaki zinakamua zaidi. Nikiyaongeza ni vile vile. Hakuna namna ya kumfundisha kuvu umri."

Profesa akaweka kikombe chini. "Unajua nilizaliwa wapi?"

"Bukoba."

"Nilizaliwa kando ya msitu ambao haupo tena. Nilikuwa na miaka kumi na sita ulipoungua, na haukuunguzwa na mtu, ulikauka tu mpaka radi moja ikautosha. Kijito chetu kilikauka mwaka uliofuata, na sisi tukahama. Nilipoanza kazi hii sikuwa natafuta msitu wa milele, binti yangu. Nilikuwa natafuta muda. Nimeupata. Watu wa Ndolwe wamekunywa maji miaka arobaini."

"Ni kweli, Profesa. Shangazi yangu ni mmoja wao. Mimi pia nimeyanywa."

"Mwezi ujao natia saini mpango wa kupanda Utando kwenye milima kumi na moja. Hiyo inakauka sasa hivi, tukiwa tunaongea. Ukiisoma sura hii mbele ya kamati, mpango unakufa. Wizara haitauliza maswali yako mazuri, itaogopa tu, na milima kumi na moja itakwenda ilikokwenda ile ya kwetu." Akamtazama mwanafunzi wake bila hasira. "Iweke pembeni hii sura. Utapata shahada yako kwa zile nyingine, ni nzuri sana. Baada ya miaka mitano iandike, na mimi nitakuunga mkono."

Hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili na huruma, na ndiyo sababu Nakundwa aliyaona magumu. Kama Profesa angekuwa anatetea jina lake, angejua la kumjibu. Alitazama kwenye mteremko, ambako ukungu ulikuwa unapanda taratibu kati ya mashina.

"Tukipanda kama tulivyopanda hapa," alisema, "milima kumi na miwili itakuwa haizai. Itakufa yote katika umri wa watoto wa leo, na hakutakuwa na mbegu ya kuazima popote. Lakini tukiacha mapengo, Profesa. Kila mlima theluthi moja isiwe na Utando. Hapo miche itapata pa kusimama, na wakubwa wa sehemu nyingine watashika maji wakati wadogo wanakua."

"Una ushahidi kwamba miche itasimama? Kwa joto hili?"

"Sina. Kuupata ni kuzima mteremko mmoja na kusubiri kiangazi."

"Na wakubwa wa mteremko huo?"

"Wengi watakufa."

Profesa Kokuhirwa aliusugua mguu wake. Hatimaye alisema, "Naweza kuchelewesha saini mwaka mmoja. Nikizidisha, watamleta mwingine asaini badala yangu. Lakini sitakupa ruhusa ya kuzima kitu kwa barua yangu. Nenda kawaombe wanaokunywa maji hayo. Wakikataa, sura inakaa pembeni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Profesa."

"Na usiwapambie."

3

Watu wa Ndolwe walikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuondoa tope kwenye ndiva, bwawa lao la kukusanyia maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Wanaume kwa wanawake walikuwa wamezama kwenye tope hadi magotini, wakipokezana karai. Nanzia, shangazi yake Nakundwa na mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa juu ya ukingo akielekeza. Alikuwa na shamba kubwa la tangawizi kuliko yeyote pale, na sauti iliyofika hadi ng'ambo ya bonde.

Nakundwa alivua viatu, akaingia kwenye tope, akabeba karai pamoja na wengine mpaka walipopumzika. Ndipo akazungumza. Aliwaeleza habari za mche na mkulo kama alivyomweleza Sekiete. Akawaambia kwamba akizima mteremko, wakubwa watakauka, na mikulo ndiyo inayokamata ukungu na kuushusha ardhini, kwa hiyo chemchemi itapungua.

"Itapungua kiasi gani?" aliuliza kijana mmoja mwenye suruali iliyokunjwa.

"Nadhani robo. Sina hakika."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka miti midogo ifike urefu wa kushika ukungu. Miaka kumi na mitano, ikienda vizuri."

Minong'ono ikaanza, kisha ikawa kelele. Mzee mmoja alisema hajawahi kusikia mtu akiua msitu ili auponye. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliuliza zahanati itatumia nini. Mwingine alitaka kujua kwa nini asizime mteremko wa kaskazini, ambao maji yake yanakwenda kijiji cha pili.

"Kwa sababu wao hawapo hapa kunijibu," alisema Nakundwa. "Na kwa sababu miaka mitatu nimepima mteremko huu, si ule. Nikizima mahali nisipopajua, sitajua kilichobadilika."

Shangazi Nanzia alikuwa akisikiliza kutoka juu. Alishuka kwenye ukingo, akaja akasimama karibu na mpwa wake. Mikono yake ilikuwa na tope hadi viwikoni.

"Nakundwa, na ukikosea?"

Watu wakasogea karibu.

"Nikikosea, Shangazi, wakubwa watakufa na miche itakufa, na mtakuwa mmepoteza miaka ishirini na tano ya maji ambayo mngekuwa nayo. Siwezi kuyarudisha. Wala Profesa hawezi."

"Na tukikaa kimya?"

"Mtakunywa vizuri. Huyo mtoto mgongoni atakunywa vizuri mpaka awe na watoto wake. Hao hawatakunywa."

Mwanamke yule alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga khanga upya.

Hawakukubaliana siku ile. Walikutana mara nyingine, na mara nyingine tena, na kwenye kikao kimoja ndugu wawili walifikia kushikana mashati. Mwisho walipiga kura kwa kujipanga mistari miwili kwenye uwanja wa shule. Mstari wa kuzima ulizidi kidogo tu. Shangazi Nanzia alikuwa wa mwisho kujipanga, na alipoingia kwenye mstari wa kuzima, dada yake wa mstari wa pili aligeuza uso.

"Nina sharti," aliwaambia wote, ingawa alimtazama mpwa wake peke yake. "Wewe huondoki hapa. Hutakwenda mjini kusubiri matokeo kwa simu. Maji yakipungua, yatapungua na wewe ukiwepo. Ukifika wakati wa kutukanwa, utatukanwa ana kwa ana."

"Nitakaa, Shangazi. Mpaka miche inipite urefu."

4

Sekiete alizima mapigo ya mteremko wa kusini mbele ya kamati nzima. Hakukuwa na la kuona. Taa moja kwenye ubao ilitoka kijani ikawa nyekundu, na watu wakashuka kwenda mashambani.

Mikulo ilianza kupukutika masika yalipoisha. Majani yalidondoka yakiwa bado na ukijani, kama miti ilikuwa na haraka. Kufikia katikati ya kiangazi mtu aliyesimama Ndolwe aliweza kuona anga kupitia mahali ambapo babu yake hakuwahi kuliona. Kisha mmoja ukaanguka. Ulianguka mchana, bila upepo, na kishindo chake kiliwatoa watoto darasani. Nakundwa alikwenda akaukuta umelala, na jua limeangukia ardhi ambayo haikuwahi kuliona tangu kabla hajazaliwa. Aliketi juu ya shina akalia. Alikuwa ameujua mti ule kwa namba na kwa harufu. Alipomaliza kulia alitoa kamba yake ya kupimia, akaanza kupima pengo.

Chemchemi haikupungua robo kama alivyodhani. Ilipungua nusu.

Alitukanwa, ana kwa ana. Asubuhi alichota maji pamoja na wengine kwenye foleni, na kuna waliotema mate alipopita. Zahanati ilipewa maji kwanza, kisha shule, na mashamba yakapewa yaliyobaki. Ndiva iliyokuwa ikijaa kila asubuhi sasa ilijaa kila baada ya siku mbili. Shangazi Nanzia aling'oa tangawizi yake kabla haijakomaa, akapanda mihogo. Alifanya hivyo mchana kweupe, kila mtu akimwona, wala hakumlaumu mpwa wake hata siku moja, jambo ambalo Nakundwa aliliona zito kuliko matusi.

Na miche ikabaki hai.

Si yote. Mingi ilikauka kwa jua, na mingine ililiwa na panya. Lakini kiangazi kilipokaribia kwisha Nakundwa alifukua mmoja akakuta mzizi mnene, mweupe, umeshuka chini kuliko urefu wa mkono wake. Aliufukia haraka, akaushindilia udongo, akajilaumu kwa kuusumbua. Siku zilizofuata alitembea mteremko mzima akiinama kila mahali. Miche ilikuwa inamgusa miguuni.

Profesa Kokuhirwa alikuja mwaka ulipotimia. Safari hii alibebwa kwenye kiti, Sekiete akiwa mmoja wa wabebaji. Aliomba ashushwe kwenye pengo, akainama kwa taabu, akashika jani la mche mmoja kati ya vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa.

"Kiangazi kimoja," alisema. "Huo si ushahidi wa kutosha, unajua."

"Najua."

"Na maji?"

Nakundwa alimtazama shangazi yake aliyesimama kando, amekunja mikono. "Nilisema robo. Imekuwa nusu. Nilikosea, na nimeiandika hivyo hivyo kwenye sura ya nne."

Profesa alibaki ameinama. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imechoka lakini haikutetereka. "Nitaubadilisha mpango. Theluthi moja ya kila mlima iachwe bila Utando, na hakuna mlima utakaopandwa kabla wanaokunywa maji yake hawajaulizwa kama walivyoulizwa hawa. Wizara itanichukia. Na milima mingine itakataa, Nakundwa. Watu watasikia neno nusu, watafunga mlango. Ulijue hilo."

Ikawa hivyo. Katika milima kumi na moja, minne ilikubali kusikiliza. Saba ilikataa, na kati ya hiyo saba mmoja uliungua kabla mvua hazijafika. Habari hizo zilimkuta Nakundwa akiwa juu ya mteremko. Alikaa nazo siku nzima, akijiuliza kama angenyamaza mlima ule ungekuwa bado umesimama. Alijua ungekuwa umesimama. Alijua pia ungekuwa hauzai. Hakupata namna ya kupima vitu hivyo viwili kwenye mizani moja, na aliacha kuitafuta, kwa sababu minne iliyokubali ilikuwa inahitaji mtu wa kuizungukia.

Jioni, akiwa bado hajabadili nguo za msituni, alimkuta Shangazi Nanzia akipanga mzigo uani.

"Unakwenda wapi, Shangazi?"

"Huko milimani. Kuna watu wanataka kuulizwa."

"Hiyo ni kazi yangu."

"Wewe umeahidi kukaa, na mimi ndiye niliyekuahidisha." Nanzia alikaza kamba ya mzigo kwa goti. "Isitoshe, wewe wataona mtu wa chuo. Mimi wataona mkulima aliyeng'oa tangawizi yake. Nitakaa nao kwenye tope lao kama ulivyokaa kwenye letu. Sekiete atanipeleka kwa gari la kituo."

Nakundwa alitaka kusema asante, akaona neno lenyewe ni dogo. Akaubeba mzigo mpaka kwenye gari.

"Wakiniuliza maji yalipungua kiasi gani," alisema shangazi yake akipanda, "niwaambie nini?"

"Nusu."

"Na yamerudi?"

"Bado."

"Nitawaambia hivyo," alisema Nanzia, akafunga mlango.